Sakafu Isiyo na Kelele

Una aligonga kisigino sakafuni mara mbili, kisha akaendelea kugeuza soseji kwenye kikaango. Hakuwa na haja ya kwenda kumwita mumewe. Mtikisiko ulijua njia: ulipita chini ya meza, ukavuka kizingiti, ukafuata korido hadi sebuleni, ukapanda kwenye nyayo za Alwyn, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ndivyo walivyoitana tangu waoane. Wote wawili walikuwa viziwi, na nyumba yao ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo kama nyumba nyingi za zamani pale mjini Ipswich. Mtu akigonga mguu jikoni, kikombe kilitetemeka chumbani.

Punde akazihisi hatua zake zikija, nzito, za taratibu. Halafu zikasita. Una akaacha kikaango, akageuka.

Alwyn alikuwa amesimama mlangoni, akipapasa kwa kidole cha mguu mahali ambapo mbao zilikuwa zimeoza. Bomba la nyuma ya friji lilikuwa limevuja kwa muda mrefu. Mtu mwenye masikio angelisikia likidondoka. Wao waligundua siku ubao ulipoanza kubonyea chini ya mguu kama mkate uliolowa. Na hapo hapo, mwanzoni mwa vuli, ndipo Alwyn alipojikwaa, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono wa kuume. Kwa wiki nyingi mkono ule ulikaa ndani ya plasta, na nusu ya maneno yake ikakaa humo pamoja nao.

Sasa plasta ilikuwa imetolewa. Akavuka mahali pale kwa hatua ndefu, kama mtu anayeruka mfereji, akasema kwa mikono, "Nimefika salama. Piga picha uipeleke kwa binti yako."

"Kaa ule," Una akamjibu, akicheka.

Alisimama karibu na taa alipomjibu, na mikono akaiinua hadi usawa wa kidevu. Macho ya Alwyn yalikuwa yakijifunga kutoka pembeni kuja katikati. Siku hizi aliiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba. Alizaliwa na ugonjwa huo pamoja na uziwi. Daktari alikwishawaambia ungefika wapi, ila hakuweza kuwaambia lini.

Binti yao, Kerrin, alikuwa na masikio mazima na kauli moja: sakafu itengenezwe kabla baridi haijaisha, la sivyo wahamie kwake Springfield, kwenye nyumba ya matofali isiyo na ngazi wala kizingiti. Alisema hivyo kwa upendo. Una alijua ni upendo, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkatalia.

Jumamosi Kerrin alikuja na mfuko wa vipande vya mfano, akavipanga mezani kimoja kimoja kama anayegawa karata. Vilikuwa vinaili, vimechapwa mistari na vifundo hata ukadhani vimetoka mtini.

"Mama, angalia hiki. Hakivimbi kikilowa. Vipande vinashikana, juu panakuwa sawa kabisa. Baba hatakuwa na pa kujikwaa."

"Ni plastiki yenye picha ya mbao," Una akasema.

"Na hizi zako ni mbao zenye picha ya hospitali."

Alwyn, aliyekuwa amesogeza kiti ili aione mikono yao yote minne, akapiga meza kwa kicheko. "Huu mdomo amerithi kwako," akamwambia mkewe.

Una akatazama chini, sakafuni. Mbao zile zilikuwa za mkaratusi mgumu. Baba yake Alwyn, aliyefanya kazi kwenye karakana za reli, alizipigilia mwenyewe alipokuwa bado kijana. Una alizifuta kila Ijumaa akiwa amepiga magoti, na alijua ni ubao upi ulikuwa na jicho jeusi na upi uling'aa zaidi mchana. Lakini alipojiuliza sababu ya kuzing'ang'ania, hakuona nyingine ila kwamba alizipenda. Aliona haya kuweka mapenzi ya mbao kwenye mizani moja na mfupa wa mumewe.

Fundi aliyekuja kupima aliitwa Sefo. Alikuwa Msamoa mwenye mabega yaliyojaza mlango, na aliwaita shangazi na mjomba tangu dakika ya kwanza. Alitambaa chini ya nyumba na tochi, akatoka na utando wa buibui kichwani. Kerrin akafasiri. Boriti zote zilikuwa nzima, Sefo alisema, na zilizooza ni mbao chache tu karibu na jikoni. Yeye angeweza kuzibadilisha, kisha kusaga sakafu nzima na kuipaka mafuta, ila wangehitaji kuhama kwa siku kadhaa kwa sababu ya vumbi na harufu. Vinaili ingekwenda haraka zaidi. Angefunika mbao za zamani kwa plaiwudi ili pawe sawa, atandike sponji, kisha vipande vyake juu, na wao wangebaki humo humo. Zote mbili zilikuwa kazi nzuri, alisema. Chaguo lilikuwa lao.

Walipoketi kula jioni ile, Una aliomba. Tangu macho ya Alwyn yaanze kufifia, sala ya mezani ilisemwa mikononi: Una aliomba polepole, na Alwyn akaweka viganja vyake juu ya vyake, akifuata kila neno lilivyopanda na kushuka. Mbele yake aliomba chakula kibarikiwe na Kerrin afike kwake salama. Alipobaki peke yake kwenye sinki, aliendelea kwa kuandika kwa kidole kimoja pajani, kama wengine wanavyosali kwa kunong'ona. *Bwana, kama ni ukaidi tu, uniondolee.*

Wiki iliyofuata walikwenda dukani wote watatu. Muuzaji alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye miwani ya kijani. Kerrin alikuwa ameenda upande wa rangi, na muuzaji hakumsubiri. Alitoa simu yake, akaandika, akawageuzia waone. Aliandika kuhusu maji, kuhusu mikwaruzo, kuhusu kucha za mbwa. Kisha akaandika sifa ambayo aliona ni kubwa kuliko zote: *Sponji yake ni nene. Haina kelele kabisa. Ukitembea, mwenzako hajui kama umepita.*

Una alimsomea Alwyn kwa mikono, uso ukiwa mkavu.

Alwyn akafikiri. "Mwambie nyumbani tuna ukimya wa kutosha," akasema. "Siku akiishiwa dukani, aje tumkopeshe."

Una alicheka hadi akashika rafu. Kerrin aliporudi na kuambiwa, naye akacheka, kisha akalazimika kumfasiria muuzaji, ambaye aligeuka mwekundu, akaomba radhi, halafu akacheka kuliko wote. Ilikuwa siku njema. Katika wema huo wakachagua rangi ya asali na kuagiza, na hakuna aliyelifikiria tena lile neno. Wakirudi garini, Una alijikagua moyoni akaona hakuna ubishi uliobaki. Alidhani ndiyo amani aliyoiomba.

Sefo alianza kazi siku ambayo Una alikuwa na zamu.

Una alifanya kazi mahali palipofuliwa mashuka ya hospitali. Nafasi yake ilikuwa kwenye pasi kubwa, pamoja na wanawake wengine watatu: wawili wanalisha shuka lenye unyevu upande huu, wawili wanalipokea limenyooka upande wa pili na kulikunja. Nyuma yao zilisimama mashine za kufulia, kubwa kama magari. Wenzake walisikia kengele mashine ilipomaliza. Una hakuwa na kengele. Yeye aliijua mashine kwa miguu: ilipoanza kukamua, sakafu ya zege iliwaka chini yake, na ilipopunguza mwendo alihisi kama mtu anayeshusha pumzi. Mara nyingi alikuwa amekwisha kugeuka kabla wenzake hawajasikia kitu.

Kiangazi kilichopita msimamizi alikuwa amewatandikia mikeka ya mpira, maana miguu iliwauma wote. Una aliipenda. Ila tangu siku hiyo alikuwa akisimama kwa namna yake, mguu wa kushoto mkekani na wa kulia nje, juu ya zege tupu. Hakukumbuka kuliamua hilo. Rafiki yake Maureen alikuwa akimtania kwamba anasimama kama korongo aliyeona chura.

Siku hiyo, wakiwa katikati ya mashuka, mashine ya nyuma ikaanza kukamua. Mguu wa kulia ukajaa. Mtetemo ukapanda hadi gotini.

Mguu wa kushoto haukuambiwa kitu.

Una akatazama chini. Akautoa mguu wa kulia kwenye zege, akausimamisha mkekani kando ya mwenzake, na mashine ikatoweka. Pale pale, na mvuke usoni, mashine kubwa kama gari ikatoweka. Shuka likampita, likaingia kwenye pasi limejikunja, na Maureen akamgusa bega kumuuliza kama anaumwa.

Hakuumwa. Alikuwa akiliona upya lile neno kwenye simu ya mwanamke wa miwani ya kijani. *Ukitembea, mwenzako hajui kama umepita.*

Alimaliza zamu kwa sababu mashuka hayangoji. Angeweza kumwandikia Kerrin, na mara mbili alitoa simu, akairudisha mfukoni. Angeandika nini? Kwamba amesimama mkekani? Huenda mpira ni mpira na sponji ni kitu kingine. Huenda ni ule ukaidi umepata vazi jipya. Kwenye basi alikaa dirishani, kidole kikienda pajani bila kupumzika, na hakuomba vinaili iwe mbaya wala mbao ziwe nzuri. Aliomba asichelewe.

Gari la Sefo lilikuwa bado mbele ya nyumba, na la Kerrin nyuma yake. Kerrin alikuwa barazani na kikombe cha chai. Akamwonyesha dole gumba. "Sebule imekwisha, Mama. Utapenda. Nenda ukaone."

Na kweli ilikuwa inapendeza. Rangi ya asali ilitoka ukuta hadi ukuta bila ufa wala alama. Kiti cha Alwyn kilikuwa kimerudishwa karibu na dirisha, naye alikuwa amekaa mgongo kwa mlango, chai mkononi, miguu yote miwili imekanyaga chini sawasawa. Una alijua mkao ule. Alikuwa akimngojea. Kila siku alingoja hivyo, mpaka baraza limwambie kwamba mkewe amefika.

Una akavua viatu. Akagonga kisigino mara mbili.

Alwyn akanywa chai.

Akagonga tena kwa nguvu zaidi, hadi maumivu yakapanda kwenye nyonga. Mara ya tatu akapiga kwa mguu mzima. Alwyn akajikuna sikio, akaendelea kutazama mwanga wa dirisha uliobaki kwenye bomba lake.

Una akaenda akamgusa bega.

Alwyn aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kikombe kikatoka mkononi, na mkono ukampiga Una kidevuni kabla haujamjua ni nani. Chai ikamwagika, ikasimama juu ya vinaili kwa matone ya mviringo, kama walivyoahidiwa. Haikupenya popote.

"Umeingia lini?" Alwyn akauliza. Maneno yakatoka mikononi yakiwa yamevunjika.

"Sasa hivi. Nimekugongea."

"Hukugonga."

"Nimegonga, Alwyn. Nimegonga mara tatu."

Akainamisha uso kuelekea miguu yake, ingawa kwa umbali ule hakuweza kuiona. Kisha akasema, "Nilidhani niko peke yangu. Nilidhani Sefo ameshaondoka, na Kerrin ameenda dukani. Nyumba imekuwa tupu tangu mchana."

Una akageuka. Sefo alikuwa amepiga magoti hatua chache tu kutoka hapo, mlangoni mwa korido, nyundo ya mpira mkononi. Mchana kutwa alikuwa akigonga.

Kerrin alikuwa ameingia, amesimama na kiganja mdomoni. Una hakuhitaji kumweleza. Kerrin alivua kiatu kimoja, kwa haraka, akapiga mguu sakafuni kama alivyokuwa akifanya utotoni, alipokuwa na homa au alipoogopa radi na wazazi wake wamelala. Alwyn hakugeuka.

Una akamshika mumewe mkono, akampeleka kwenye korido, ambako mbao za zamani zilikuwa bado wazi, akamsimamisha. Kerrin akawapita, akaenda hadi chumba cha mwisho, huku Sefo akiwatazama bila kuelewa. Una akaweka mkono wake juu ya kifua cha Alwyn. Alitaka kukihisi kishindo kitakapofika.

Kilipofika, kiliwafikia wote wawili pamoja.

Alwyn akainua mkono juu. "Kerrin," akasema. Uso wake ukafunguka. "Mbona amevaa kiatu kimoja?"

Kerrin alirudi akicheka na kulia, kiatu kingine kimebaki sebuleni. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwagongea," akasema kwa mikono. "Nimekulia kwenye sakafu hii. Nimewezaje kusahau?"

"Wewe una masikio," Una akamwambia, akimpangusa machozi. "Sisi tusio nayo ndio tuliosahau. Tulikuwa tunacheka dukani."

Sefo alipoelezwa alikaa chini, mgongo ukutani, akapiga vifundo vya vidole kwenye ubao wa zamani, kisha kwenye vinaili, kisha kwenye ubao. Una aliogopa uso ule ungeonyesha kuudhika, maana kazi ya siku nzima ilikuwa nzuri na haikuwa na kosa. Lakini Sefo alitikisa kichwa taratibu, akazungumza na Kerrin, na Kerrin akafasiri huku mikono ikienda mbio.

"Anasema haina gundi. Vipande vimeshikana tu, vinafunguka kama vilivyofungwa, na plaiwudi ni skrubu. Anasema jioni hii hii anaanza kuitoa."

"Mwulize kuhusu mahali palipooza," Una akasema. "Mwulize tutapata wapi mbao kama hizi."

Sefo alisimama, akawapungia mkono wamfuate hadi chumbani. Akafungua kabati kubwa la ukutani, akasogeza viatu vya Una na mashine ya kushonea, akaonyesha chini. Humo ndani zilikuwa mbao zile zile, za mti ule ule na umri ule ule, hazijawahi kukanyagwa. Hizo angezitoa, aziweke jikoni, na kabatini aweke za dukani. Viatu havina macho.

"Na kujikwaa je?" Kerrin akamuuliza. "Niambie kweli. Ataweza kutembea?"

Sefo aliinama, akapitisha kiganja sakafuni. Angezamisha misumari yote, alisema, asage kila ukingo ulioinuka. Akishamaliza, gololi ingeviringika kutoka jikoni hadi barazani bila kusita. Kama ingesita, wampigie simu. Una alimtazama usoni alipokuwa akisema, kisha akatazama mikono ya Kerrin iliyomletea maneno, na hofu aliyotoka nayo kazini ikamwachia. Akaomba kiti. Alwyn, asiyejua kwa nini mkewe amekaa ghafla, akamwekea mkono kichwani.

Siku za vumbi walikaa Springfield. Kerrin aliwapa chumba chenye jua. Alwyn hakulalamika, ila alikaa kwenye sakafu ile ya zege kama mtu aliye kwenye kituo cha treni asiyejua yake inapita saa ngapi, akishtuka kila alipoguswa. Siku ya pili Kerrin alimwambia mama yake, wakikunja nguo, kwamba hataleta tena habari za kuhama. Vinaili iliyotolewa ilipata mahali pake: Sefo aliitandika kwenye chumba cha kufulia nyumbani kwake mwenyewe, chini ya mashine, na iliyobaki kwenye maboksi ikarudi dukani.

Walirudi mchana wa jua, madirisha yote yakiwa wazi na nyumba ikinuka mafuta. Kerrin aliwashusha, akaenda zake kununua samaki na chipsi. Una alibaki barazani akivua viatu na soksi. Alitaka kuingia peku. Mbao zilikuwa zimerudia rangi yake ya kwanza, nyekundu kidogo na kahawia kidogo, na ule ubao wenye jicho jeusi ulikuwa pale pale. Alwyn alikuwa ametangulia. Alikataa mkono, akaenda korido nzima akitelezesha vidole ukutani, akavuka mahali pa jikoni kwa hatua ya kawaida bila kujua kwamba amekwisha kupavuka, akapotea nyuma ya mlango.

Una akasimama kizingitini. Alikusudia kushukuru, na kidole kilikuwa kimeshagusa paja, lakini maneno yaliyokuja yalikuwa machache, akayaacha yawe machache.

Ndipo kishindo kikamfikia kutoka upande wa pili wa nyumba, kikipita chini ya meza, kikifuata korido, hadi kwenye nyayo zake zilizo wazi: mara mbili, kwa kisigino.

Hakwenda mara moja. Alisimama hivyo hivyo, vidole vya miguu vimeenea juu ya ubao wenye joto. Kikaja tena. Una akainua mguu.